Msukumo wa Zege Bichi Kwenye Boksi: Mafunzo ya Ukuta Mmoja wa Palma

Zege bichi likiingia ndani ya boksi husukuma mbao kwa pembeni tangu dakika ya kwanza hadi linapoanza kuganda. Uzito wake unaelekea chini, lakini kwa kuwa bado linatiririka, sehemu ya uzito huo hutafuta njia ya kutokea ubavuni. Ubavuni kuna plaiwudi. Nyuma ya plaiwudi kuna mbao za wima, kisha mbao za mlalo, na mwishoni tairodi, yaani vyuma vinavyopenya boksi na kuzivuta pande zake mbili zisiachane. Kila kimoja hupokea msukumo na kuukabidhi kwa kinachofuata. Anayepiga boksi anapaswa kujua mapema msukumo huo utafika wapi, kwa sababu zege likishaingia hakuna tena nafasi nzuri ya kuongeza mbao.

Hesabu ya msingi ni ile ya maji. Katika kimiminika kilichotulia, msukumo wa pembeni mahali popote ni sawa na uzito wa mita moja ya ujazo ya kimiminika hicho ukizidishwa kwa kina cha mahali hapo. Mita ya ujazo ya maji ina uzito wa kilonyutoni 10 hivi. Ya zege lenye nondo huhesabiwa kilonyutoni 25. Kwa hiyo ukuta wa mita 4, uliojazwa zege ambalo bado ni kimiminika kamili, husukuma mbao za chini kabisa kwa kilopaskali 100, ambazo ni karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba ya plaiwudi. Unene wa ukuta hauingii katika hesabu hii. Ukuta mwembamba wa sentimita 20 na nguzo pana ya mita nzima, vikiwa na kimo kimoja na zege lile lile la majimaji, vinasukuma mbao zake sawasawa. Wengi wanaosikia jambo hili mara ya kwanza hulikataa, na ni haki yao kutaka waonyeshwe, kwa sababu macho yanaona zege jingi upande mmoja na kidogo upande mwingine.

Zege la kawaida, lile gumugumu linalohitaji kutikiswa kwa vaibreta, halifiki kwenye kiwango hicho. Kokoto zake zinagusana na kushikana. Sehemu ya chini huanza kukaza wakati ya juu bado inamwagwa, na vaibreta hulainisha kile kina kifupi tu ilikozamishwa. Matokeo yake msukumo hupanda pamoja na kina hadi mahali fulani, halafu husimama hata ukuta ukiendelea kwenda juu. Miongozo ya kihandisi imejengwa juu ya ukweli huo. Ripoti namba 108 ya CIRIA, jumuiya ya utafiti wa ujenzi ya Uingereza, ya mwaka 1985, huchukua kasi ya kumwaga, joto la zege, kimo cha boksi na aina ya saruji. Kwa ukuta wa mita 4 unaojazwa kwa kasi ya mita 2 kwa saa, zege likiwa na nyuzi 25 za Selsiasi na saruji ya kawaida isiyotiwa dawa ya kuchelewesha kuganda, hesabu hiyo inatoa kilopaskali 45 hivi. Hiyo ni chini ya nusu ya msukumo wa kimiminika kamili. Vizazi vya maseremala wa ujenzi, wakiwemo wasiowahi kuiona ripoti yoyote, wamezoea nafasi za mbao na tairodi zinazotokana na kiwango cha namna hiyo. Mazoea hayo yamewafaa kwa zege walilolijua.

Zege linalojishindilia lenyewe, au linalojijaza lenyewe, lilibadilisha mambo. Hajime Okamura wa Chuo Kikuu cha Tokyo alilipendekeza mwaka 1986, na mfano wa kwanza ulikamilika mwaka 1988. Japani ilikuwa na upungufu wa mafundi wenye ujuzi wa kushindilia, na majengo yaliyomwagwa vibaya yalikuwa yakichakaa kabla ya wakati. Wazo lake lilikuwa kupata zege litakalojaza kila kona kwa uzito wake lenyewe, lipenye katikati ya nondo zilizobanana, bila vaibreta na bila kutenganisha kokoto na uji wa saruji. Nanga za daraja la Akashi Kaikyo, lililofunguliwa mwaka 1998, zilitumia zege la aina hiyo. Siri yake ni uji mwingi wa saruji na unga laini, kokoto chache zaidi na ndogo, na dawa ya kulainisha inayozitawanya chembe za saruji zisigandamane. Katika kipimo cha slampu, koni ya milimita 300 ikinyanyuliwa, zege la kawaida hushuka kidogo na kubaki kama kichuguu. Hili hutandaa chini hadi upana wa milimita 550 mpaka 850. Zege linalotandaa hivyo, likiwa limeingia tu kwenye boksi, husukuma kama kimiminika kamili.

Pwani ya kaskazini mwa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, ina sababu nzuri za kulitaka zege hili. Kuanzia Mocímboa da Praia kupita Palma hadi mlango wa mto Ruvuma, upepo wa bahari hubeba chumvi hadi ndani ya nchi, na chumvi ikipenya zege hula nondo. Kuta za kale za kisiwa cha Ibo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, hivyo kutu haikuwa adui yake. Jengo la nondo halina bahati hiyo: kinga yake ni tabaka la zege linalofunika chuma, na tabaka lenye matundu yaliyoachwa na vaibreta isiyofika ni mlango wazi. Zege linalojijaza lenyewe huziba matundu hayo. Tena kimbunga Kenneth, kilichotua kaskazini mwa Pemba tarehe 25 Aprili 2019, kilikumbusha kila mtu kwamba majengo ya pwani hii yanahitaji nondo nyingi zaidi, na nondo zikizidi kubanana ndivyo vaibreta inavyokosa pa kupita. Mwaka huo huo, mwezi Juni, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza kwenye mradi wa gesi wa rasi ya Afungi ulitolewa, na kazi za ujenzi kuzunguka Palma zikaongezeka: makambi, maghala, matangi, kuta za kuzuia udongo, misingi ya mitambo.

Kazi moja ya wakati huo, nje kidogo ya mji wa Palma, ndiyo inayoyapa makala haya kumbukumbu zake. Ilikuwa ni ukuta wa tangi la maji la zimamoto, urefu mita 12 kwa kila kipande cha kumwagwa, kimo mita 4, unene sentimita 30, nondo zimepangwa safu mbili zenye nafasi finyu. Mafundi walitoka Mtwara, Mocímboa da Praia, Mueda na Nampula. Kazi ilikwenda kwa Kiswahili, Kimwani, Kimakonde na Kireno kwa pamoja, na boksi wengine waliliita cofragem bila mtu kuuliza maana. Boksi lenyewe lilipigwa na mafundi hodari. Mbao zilinyooka, viungo vilibanwa vizuri, na tairodi za milimita 15 zilipangwa kila mita 1.2 kwa mlalo na kwa wima. Kwa kilopaskali 45 mpango huo unatosha: kila tairodi inalinda eneo la mita za mraba 1.44 na kubeba kilonyutoni 65, wakati mzigo unaoruhusiwa kwa chuma hicho ni kilonyutoni 90. Michoro ya boksi iliandaliwa kwa zege la kawaida. Baadaye, nondo zilipoonekana zimebanana kupita kiasi, ofisi iliyosimamia kazi iliidhinisha zege linalojijaza lenyewe. Karatasi ya mchanganyiko ilibadilika. Michoro ya boksi haikubadilika, kwa sababu ilikuwa kwenye jalada jingine na mikononi mwa watu wengine.

Hata hivyo tahadhari moja iliwekwa. Kipande cha ukuta kilihitaji mita za ujazo 14.4, yaani malori mawili ya zege, na malori hayo yalipangwa kuachana kwa saa mbili ili nusu ya chini ipate muda wa kukaza. Barabara haikukubaliana na ratiba. Mvua ilikuwa imenyesha, sehemu ya njia ilikuwa ya mchanga na tope, lori la kwanza likakwama, la pili likalikuta, na yote mawili yakafika kiwanjani pamoja. Zege lina saa zake. Likikaa sana ndani ya lori linapoteza ulaini, na kulitupa ni hasara ambayo hakuna msimamizi anayeipokea kwa moyo mkunjufu. Pampu iliyokuwepo ilikuwa na uwezo wa mita za ujazo 30 kwa saa. Ukuta wa urefu na unene ule unapokea mita za ujazo 3.6 kwa kila mita moja ya kimo, hivyo pampu ikiachiwa huupandisha kwa zaidi ya mita 8 kwa saa. Ukuta mzima ungejaa kwa nusu saa.

Kitu kilichookoa kazi ile kilikuwa uzi. Fundi mzee kutoka Mocímboa alikuwa amefunga uzi wa kuwambia kutoka ncha hadi ncha ya boksi, usawa wa mbao ya mlalo ya pili kutoka chini, ukishikiliwa mbali na mbao kwa vipande viwili vya milimita 25. Wakati wa kumwaga alikuwa akitembea kando yake na kipande cha tatu cha unene ule ule, akikipitisha kati ya uzi na mbao kila baada ya hatua chache. Zege lilipovuka mita 3 kipande hakikupita tena katikati ya ukuta. Kwenye kiungo cha plaiwudi chini ya hapo, matone ya uji wa saruji yalianza kujipanga mstari mmoja, kisha yakawa mchirizi. Vibati vya tairodi vilikuwa vikizama taratibu kwenye mbao laini, na nyuzi za mbao zikilia kwa mlio mkavu. "Injinia, mbao zimeukuta uzi," alisema, bila kupaza sauti. Kijana aliyesimamia alijibu, "Sawa, Mzee," akainua mkono, na pampu ikazimwa.

Boksi halikufumuka. Mirunda iliongezwa upande uliovimba, tairodi za ziada zikapitishwa pale palipowezekana, na sehemu iliyobaki ikamaliziwa kwa vipande vya nusu mita vyenye mapumziko kati yake. Ukuta ulibaki na tumbo la sentimita 3 katikati. Mkaguzi aliukubali baada ya kupima kwamba nondo zipo mahali pake. Ukiangalia hesabu, kilichotokea hakina ajabu. Kwa kimiminika kamili, ukuta ukijaa mita 4, tairodi iliyo sentimita 40 kutoka chini inakutana na kilopaskali 90 na kuvutwa kwa kilonyutoni 130. Imevuka mzigo wake unaoruhusiwa, ingawa bado haijafika pa kukatika. Mbao na plaiwudi ndizo zinazopinda kwanza. Kupinda kwa plaiwudi hukua sambamba na msukumo, lakini hukua kwa kipeo cha nne cha nafasi iliyo kati ya mbao zinazoishikilia. Ukiipunguza nafasi hiyo kwa nusu, kupinda hupungua mara 16. Kwa zege hili, kusogeza mbao za wima karibu karibu chini ya boksi kunasaidia kuliko kununua plaiwudi nene.

Swali linalobaki ni kwa nini wahandisi wengine hulimwaga zege hili kwenye kuta ndefu na kupima msukumo mdogo sana kuliko wa kimiminika kamili. Jibu liko katika tabia inayoitwa tiksotropia. Mtu aliyesimama kwenye matope ya mikokoni anaijua kwa miguu yake: akitulia, tope linamshika na kumbeba kidogo, akianza kujitikisa, linalainika na kummeza. Uji wa saruji uko hivyo. Ukitulia, chembe zake hujishikiza zenyewe kwa zenyewe na kujenga mfumo dhaifu unaoongezeka nguvu kila dakika, muda mrefu kabla ya saruji kuganda kwa maana ya kawaida. Zege lililotulia linaweza kujishikiza kwenye kuta za boksi na kwenye nondo, na uzito wowote uliobebwa na ushikizi huo hausukumi tena pembeni.

Mwaka 2006 Guillaume Ovarlez na Nicolas Roussel wa Ufaransa waliiweka tabia hiyo kwenye hesabu fupi inayoeleweka hata kiwanjani. Msukumo wa chini ni ule wa kimiminika kamili, ukipunguzwa kwa kiasi kinachoongezeka kwa mraba wa kimo na kwa kasi ya zege kujijenga likitulia, na kinachopungua kadiri boksi linavyokuwa pana na kadiri zege linavyopandishwa haraka. Hapo ndipo unene wa ukuta unaporudi kwenye mazungumzo: boksi jembamba lina ukuta mwingi wa kushikilia zege kidogo. Chukua ukuta ule wa Palma, na zege linalojijenga kwa paskali 0.2 kila sekunde, kiwango cha katikati kwa michanganyiko ya aina hii. Ukipandishwa mita 1 kwa saa, msukumo wa chini unashuka kutoka kilopaskali 100 hadi 62. Ukipandishwa mita 4 kwa saa, ni kilopaskali 90. Kwa mita 8 kwa saa, ambayo ndiyo pampu iliyoweza, ni 95, na tofauti yake na kimiminika kamili haina faida yoyote kwa seremala.

Hivyo punguzo la msukumo linanunuliwa kwa muda, na kwenye pwani hii muda uko mikononi mwa watu wengi ambao hawajawahi kuliona boksi: dereva, mwenye mtambo wa kuchanganya, mkaguzi wa barabara, mvua. Tabaka la juu la ardhi ya pwani ni mchanga na matumbawe; kokoto imara hutoka kwenye miamba ya bara, na kila mita ya ujazo huanza safari yake mbali. Ratiba inayotegemea malori mawili kuachana kwa saa mbili kwenye njia ya namna hiyo haifai kuwa nguzo ya usalama wa boksi. Maoni ya aliyeandika haya ni thabiti: katika kazi za Palma, Mocímboa na visiwa vya Quirimbas, boksi la zege linalojijaza lenyewe lihesabiwe kwa kimiminika kamili cha kimo chote, na kasi ya polepole ichukuliwe kuwa akiba. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2005 ya zege hili nayo huanzia hapo. Mbao na tairodi za ziada zinatumika tena na tena katika kazi zinazofuata. Gharama yake halisi ni ndogo kuliko ya zege lililomwagika chini na vyuma vya kuvunjwa. Kuhusu mtu anayeweza kuwa amesimama chini ya boksi linapofumuka, hakuna hesabu ya gharama ya kufanya.

Kumwaga polepole nako kuna mipaka yake. Zege linalojijenga haraka likiachwa litulie mno, tabaka linalofuata halichanganyiki nalo. Linakaa juu yake. Kwa zege la kawaida vaibreta hupenya na kuyashona matabaka mawili, lakini hapa hakuna vaibreta. Unabaki mstari dhaifu unaokata ukuta mzima, na kwa tangi la maji au jengo la ufukweni mstari huo ni njia ya maji na chumvi hadi kwenye nondo. Anayetafuta msukumo mdogo kwa kusubiri anaweza kuharibu ile faida ya uimara iliyomfanya alichague zege hili. Mchanganyiko wa kazi za pwani unahitaji ujaribiwe kwa pande zote mbili: unajijenga kwa kasi gani, na baada ya dakika ngapi tabaka jipya halishiki tena.

Mafundi wengi hawawezi kujizuia kuliongezea zege nguvu zao. Wakiona boksi refu lenye nondo nyingi, mmoja hugonga mbao kwa nyundo, mwingine huzamisha vaibreta "kidogo tu". Kwa zege la kawaida hiyo ni bidii njema. Kwa hili, kila mtikisiko unavunja ule mfumo dhaifu uliojengeka wakati wa kutulia, na msukumo uliokuwa umepungua unarudi kwa ghafla hadi mahali mtikisiko ulipofika. Boksi lililosimama salama kwa saa nzima linaweza kuanza kuvimba baada ya vaibreta ya nusu dakika. Katika kikao cha asubuhi kabla ya kumwaga, hili linafaa kusemwa waziwazi kwa kila lugha inayozungumzwa kiwanjani, na vaibreta iachwe stoo.

Joto la Cabo Delgado huwapa watu matumaini yasiyo na msingi. Ni kweli kwamba zege la moto hukaza mapema, na hesabu za zamani zinalipunguzia msukumo. Lakini kwa ukuta wa mita 4 kwa kasi ya mita 2 kwa saa, kupanda kutoka nyuzi 25 hadi 30 kunapunguza msukumo wa ripoti ile ya CIRIA kwa kilopaskali 2 tu. Tena zege linalosafiri mbali kwenye joto hilo hutiwa dawa ya kuchelewesha kuganda ili lifike likiwa bado laini, na dawa hiyo hurefusha muda ambao zege linabaki kimiminika ndani ya boksi. Kiwango cha Ujerumani cha msukumo wa zege, DIN 18218, kilipofanyiwa marekebisho mwaka 2010 ili kulihusisha zege linalojijaza lenyewe, kilifanya muda wa kuganda kuwa moja ya nguzo za hesabu yake. Anayepiga boksi ana haki ya kuuliza dawa gani imetiwa na kwa kiasi gani, na anayechanganya ana wajibu wa kumjibu kabla ya lori kuondoka.

Namna ya kuingiza zege nayo inabadilisha mzigo. Likidondoshwa kutoka juu, zege la chini linatulia na kuanza kujijenga. Likisukumwa kwa pampu kupitia valvu iliyo chini ya boksi, njia inayotoa uso safi usio na mapovu, zege lote linabaki katika mwendo na halipati kutulia; juu ya uzito wa kimo chote huongezeka nguvu ya pampu yenyewe. Kamati ya 347 ya taasisi ya zege ya Marekani inataka iongezwe angalau asilimia 25 juu ya msukumo wa kimiminika kamili. Ukuta wa mita 4 unaojazwa kwa njia hiyo uhesabiwe kwa kilopaskali 125, na sehemu inayozunguka valvu iimarishwe peke yake.

Kimiminika kinachosukuma pembeni kinanyanyua pia. Kisanduku cha kuachia nafasi ya dirisha au bomba kubwa, chenye mita 1 kwa mita 1 katika ukuta wa sentimita 30, husukumwa juu kwa kilonyutoni 7.5, yaani karibu kilo 750. Misumari michache haitakishikilia. Kinafungwa kwenye boksi pande zote na kuzuiwa kisipande. Boksi la ukuta uliolala, kama wa mfereji au wa kingo za bahari, hunyanyuliwa na uso wake wa juu na linahitaji kufungwa chini kwenye msingi. Mwanya ambao zege la kawaida lingeuziba kwa kokoto yake huupitisha uji wote wa hili, kwa hiyo viungo vyote vya plaiwudi huzibwa kwa utepe wa sponji au silikoni, na chini ya boksi huwekwa ukingo wa mota.

Msukumo wenyewe unaweza kupimwa. Vipo vihisi vinavyowekwa usawa na uso wa plaiwudi, na vipo vipimio vinavyofungwa kwenye tairodi na kusoma zinavyovutwa. Kamal Khayat na wenzake katika Chuo Kikuu cha Sherbrooke, Canada, walitengeneza vipimo vya kiwanjani vya kujua zege linajijenga kwa kasi gani, ili mradi mkubwa usio na ukuta mmoja tu uweze kuhalalisha punguzo kwa takwimu zake wenyewe. Kiwanja kidogo kisicho na vifaa hivyo kinabaki na uzi, kipande cha mbao, alama za kimo zilizochorwa kila nusu mita ndani ya boksi, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusimamisha pampu bila kuomba ruhusa. Mtu huyo asipewe kazi nyingine wakati wa kumwaga. Rekodi ya saa na kimo iandikwe papo hapo, kwa kuwa kasi ya kweli ya pampu hailingani kamwe na ile iliyoandikwa kwenye mpango.

Baada ya boksi kujaa, msukumo wa chini hauondoki mara moja. Hubaki karibu na kilele chake kwa muda, kisha hushuka kadiri chembe zinavyoshikana na maji yaliyo kati yake yanavyoanza kutumiwa na saruji. Saruji inapoganda, maji hayo hayasukumi tena na msukumo hufika sifuri, saa kadhaa kabla zege halijawa na nguvu ya kusimama bila boksi. Uzi unaachwa mahali pake hadi hapo, na hakuna nati ya tairodi inayoguswa, hata ile inayoonekana imebana kupita kiasi. Vibati vya tairodi vilivyozama kwenye mbao hupimwa na kuandikwa siku boksi linapofunguliwa, pamoja na tairodi zilizorefuka kupita kawaida, ambazo zinatolewa kazini na kukatwa ili zisirudi kwenye boksi jingine.